Berlin Kuna Mtaa wa Maji Maji, Nairobi Bado Tunapeleka Gari Grogan

Kuna kitu wasee wa majuu hawaambii watu kwenye zile picha zao za theluji: wikendi huku ni ndefu. Berlin siku ya Jumapili karibu kila duka limefungwa, na kama hukununua mkate Jumamosi, utajua hujui. Nyumbani Jumapili ina kanisa, ina chapo, ina mjomba anayetokea bila kupiga simu. Huku ni wewe na dirisha lako. Kwa hivyo nilijiwekea mpango: wikendi moja kila mwezi napanda treni hadi mtaa ambao sijawahi kukanyaga, nashuka, natembea. Tiketi ya mwanafunzi inanifikisha kila kona ya mji, gharama yote ni kahawa na labda kitu cha kutafuna.

Septemba nikapanda laini ya U6 kuelekea kaskazini, mtaa unaoitwa Wedding. (Hapana, hakuna harusi. Ni jina tu.) Nia yangu ilikuwa kushuka popote penye miti. Halafu sauti ya treni ikatangaza kituo: Afrikanische Straße. Barabara ya Afrika. Sasa wewe, mtoto wa Buruburu, ungepita?

Nje palikuwa kawaida kabisa. Barabara kubwa, duka la dawa, Mturuki na kebab zake, mathee anavuta kikapu cha magurudumu. Nikakata kona na kuanza kusoma vibao. Togostraße. Kameruner Straße. Kongostraße. Guineastraße. Senegalstraße. Ugandastraße. Halafu nikasimama kama mtu aliyekutana na anayemdai: Sansibarstraße. Zanzibar, jo. Na huko ndani ndani, Tangastraße na Usambarastraße. Kuna hata Mohasistraße, ambalo ni Ziwa Muhazi la Rwanda. Zaidi ya mitaa 20 yenye majina ya kwetu, imejipanga kati ya ghorofa za rangi ya maziwa, baiskeli zimefungwa kila mti, na kimya kile cha Jumamosi asubuhi ambapo unasikia kijiko cha jirani kikigonga kikombe.

Kenya sikuiona. Nitarudi kwa hilo, juu tulikaribia sana kuwa hapo.

Ukifika hapa bila kujua kitu unaweza kudhani ni salamu ya urafiki, kama vile Nairobi tuna Haile Selassie. Sivyo. Majina ya kwanza, Togo na Kamerun, yaliwekwa 1899, wakati Ujerumani ilikuwa na makoloni na ilitaka kila mtoto anayeenda dukani ajue hivyo. Kando ya mtaa kuna bustani kubwa inaitwa Rehberge, leo watu wanakimbia hapo na mbwa wao. Kabla ya Vita vya Kwanza kulikuwa na mpango wa kufanya hapo maonyesho ya kudumu. Mwenye wazo alikuwa Carl Hagenbeck, yule mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, na kwenye maonyesho yake hakuweka simba na twiga peke yao. Aliweka watu pia. Watu wa makoloni, ndani ya vijiji vya kuigiza, Wajerumani wanalipa kiingilio kuwatazama wakipika. Vita vya 1914 ndivyo vilivyozima mpango huo, si aibu.

Na usidhani hilo lilikuwa wazo la mtu mmoja mgonjwa. Mwaka 1896, upande wa pili wa Berlin, katika bustani ya Treptow, serikali yenyewe ilishirikiana na wenye biashara kuleta watu zaidi ya 100 kutoka makoloni na kuwaweka kwenye maonyesho miezi kadhaa. Mmoja wao alikuwa Mkameruni, Martin Dibobe. Maonyesho yalipoisha yeye akabaki mjini. Mnajua aliishia kufanya nini? Kuendesha treni. Miaka ya 1900 mwanzoni, ukipanda treni ya mji wa Berlin, dereva angeweza kuwa huyu jamaa aliyeletwa kutazamwa. Mwaka 1919 yeye na Waafrika wenzake 17 waliliandikia bunge la Ujerumani wakidai haki sawa. Baadaye akajaribu kurudi Kamerun, Wafaransa waliokuwa wameichukua wakamnyima ruhusa ya kuingia. Akaelekea Liberia, na huko ndiko habari zake zinakatikia. Kila nikisikia milango ya U-Bahn ikilia ile piii ya kufunga, siku hizi namfikiria.

Sasa ngoja niwape kichekesho kidogo kabla mambo hayajawa mazito. Ukivuka barabara kubwa ya Müllerstraße kutoka mtaa wa Afrika, unaingia mtaa mwingine wenye majina: Oxford, Bristol, Dublin, Edinburgh. Unaitwa mtaa wa Waingereza. Yaani hata kwenye ramani ya Berlin, Afrika ikifungua mlango inakuta Mwingereza amekaa ng'ambo ya barabara anaangalia.

Nilitembea polepole, nikanunua kahawa, nikakaa kwenye benchi la uwanja unaoitwa Manga-Bell-Platz. Ni uwanja mrefu wa nyasi, na jina ni jipya. Hadi Desemba 2022 uliitwa Nachtigalplatz, kwa heshima ya Gustav Nachtigal, ambaye 1884 alizunguka pwani ya Afrika Magharibi na meli ya kivita akipandisha bendera ya Ujerumani Togo na Kamerun. Rudolf Duala Manga Bell alikuwa mjukuu wa mfalme aliyetia sahihi mkataba Kamerun. Alisoma Ujerumani, akajua Kijerumani sawasawa, na serikali ya koloni ilipotaka kuwahamisha Waduala kutoka kwenye ardhi yao kando ya maji, alipinga kwa kutumia karatasi. Malalamiko bungeni, mawakili, mkataba wenyewe mkononi. Walimnyonga tarehe 8 Agosti 1914. Kila kitu alichofanya kilikuwa kile tunachoambiwa na wazee tufanye: soma, fuata sheria, tumia njia zinazofaa.

Mtaa wa pili uliobadilishwa siku ile ile ulikuwa Lüderitzstraße. Hii stori ya Adolf Lüderitz ni ya utapeli wa kiwango cha River Road. Mwaka 1883 mfanyabiashara huyu wa Bremen alinunua ukanda wa pwani ya Namibia kutoka kwa chifu wa Wanama, Josef Frederiks. Mkataba ulisema upana wa maili 20. Frederiks alijua maili ya Kiingereza, ile ya kilomita 1.6, kwa hivyo alidhani anauza kama kilomita 32. Karatasi ikatafsiriwa kwa maili ya Kijerumani ya zamani, ambayo ni kilomita 7.4 na zaidi. Zidisha mwenyewe. Karibu kilomita 150 kuingia ndani, na walijua wanachofanya. Leo mtaa unaitwa Cornelius-Fredericks-Straße, kwa jina la kiongozi wa Wanama kutoka ukoo huo huo aliyepigana na Wajerumani, akafungwa kwenye kambi ya Shark Island, akafia huko 1907. Kisiwa hicho kiko mbele ya mji ambao hadi leo unaitwa Lüderitz.

Sawa. Sasa tufike kwa mtu wetu.

Mtaa mpana unaokatiza hapo, wenye miti pande zote mbili, uliitwa Petersallee. Peters ni Carl Peters. Kama ulisoma historia sekondari jina hilo lilikupita kwenye ukurasa wa mikataba ukalikariri kwa ajili ya mtihani, ukalisahau. Novemba 1884 kijana huyu wa miaka 28 alitua Zanzibar, akavuka bara, na kwa wiki chache akakusanya mikataba Usagara na majirani zake. Maarufu zaidi ni ule wa Mangungo wa Msovero, ambaye kule Tanzania jina lake limekuwa tusi kwa kiongozi yeyote anayesaini bila kusoma. Mimi namwonea Mangungo huruma. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Nimesaini mkataba wa keja Berlin, kurasa 18 za Kijerumani, na mimi nina kamusi kwenye simu.

Mkutano wa Berlin, ule wa kugawana Afrika, ulifungwa 26 Februari 1885. Kesho yake, 27 Februari, kampuni ya Peters ikapewa hati ya ulinzi ya Kaizari. Walisubiri wageni waondoke tu.

Na hapa ndipo Kenya inaingia. Mwaka 1889 Peters alirudi, mara hii akapitia Witu, hapo Lamu kwetu. Wengi hawajui kwamba kati ya 1885 na 1890 Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani, kisultani kidogo ndani ya Kenya ya leo. Kutoka huko akapanda Mto Tana na bunduki zake, anapora chakula, anachoma vijiji, anapigana na Waoromo na baadaye Wamaasai, na aliyaandika yote mwenyewe kwenye kitabu kwa majivuno. Alipofika kwa Mumia, Mumias ya leo, alikuta barua za Mwingereza Frederick Jackson zimewekwa zikimsubiri mwenyewe arudi kutoka safarini. Akazifungua akasoma. Akajua Kabaka Mwanga anatafuta msaada, akakimbia Buganda, akasaini naye mkataba 1890 kabla Jackson hajarudi. Ebu fikiria mpaka wa nchi unaamuliwa na mtu aliyesoma meseji za mwenzake.

Haikumsaidia. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikatia sahihi mkataba wao mezani. Ujerumani ikaachia Witu na madai ya Uganda, ikakubali Uingereza ichukue Zanzibar, na ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe baharini kaskazini. Ndiyo maana Berlin ina mtaa wa Zanzibar ingawa Zanzibar haikuwahi kuwa yao, na mtaa wa Uganda pia. Ni kama mtu anayeita mtoto wake jina la dame aliyemkataa. Na ndiyo maana mimi naandika Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza badala ya Kijerumani.

Peters akapewa kazi Kilimanjaro. Kati ya 1891 na 1892 aliamuru wanyongwe mfanyakazi wake wa ndani, Mabruk, na msichana aliyekuwa akimlazimisha kuishi naye, Jagodja. Vijiji vikachomwa. Habari zilipofika Ujerumani hata huko zilileta kelele bungeni, na 1897 akafukuzwa utumishi. Wajerumani wa wakati ule wenyewe walimwita Peters wa Kitanzi. Watu wa Tanganyika walikuwa na jina lao: Mkono wa Damu.

Kwa hivyo jiulize, mtu ambaye serikali ya Kaizari, Kaizari mwenyewe jo, ilimwona amezidi, nani alimpa mtaa mzuri namna hii? Manazi. Walimsafisha jina, wakatengeneza filamu juu yake, na 1939 wakaweka Petersallee. Halafu vita vikaisha, Manazi wakaondoka, kibao kikabaki. Mwaka 1986 malalamiko yalipozidi, wakubwa walifanya kitu ambacho mwanasiasa wa Kenya angekipigia makofi: walitangaza kwamba kuanzia sasa Peters anayetajwa ni Peters mwingine. Hans Peters, mwanasheria aliyepinga Manazi, mtu mzuri kabisa. Kibao hakikubadilika hata herufi moja. Ulitakiwa tu ubadilishe Peters kichwani.

Ilichukua hadi 23 Agosti 2024. Baraza la wilaya lilikuwa limeamua 2018, lakini wakaazi na wenye biashara walipinga, wengine hadi mahakamani. Sasa mtaa umegawanywa mara mbili. Nusu moja ni Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke Mherero aliyeuawa Windhoek tarehe 10 Desemba 1959, polisi walipowapiga risasi watu waliokataa kuhamishwa. Nusu ya pili ni Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya kibao hicho muda mrefu kuliko ilivyo heshima. Kiswahili, kwenye kibao rasmi, Berlin. Mtu anayeletewa pizza hapo lazima aseme "Maji Maji" kwenye simu.

Kuhusu vita vyenyewe, tulifundishwa sentensi tatu: walilazimishwa kulima pamba, Kinjekitile akawapa maji ya kugeuza risasi, wakashindwa. Ikaishia hapo, na darasa likacheka kidogo kuhusu maji. Hakuna aliyetuambia ukubwa wake. Vilianza Julai 1905 Umatumbi kwa watu kung'oa pamba shambani, vikasambaa kusini yote ya Tanganyika, makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja nyumbani. Kinjekitile alinyongwa mapema, Agosti 1905, lakini vita viliendelea hadi 1907 bila yeye. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba hawa hawakuwa wajinga wanaofuata mganga. Wajerumani waliposhindwa kuwakamata wapiganaji walichoma mashamba na maghala, na njaa ikafanya kazi iliyobaki. Makadirio ya waliokufa yanaanza 75,000 na kufika 300,000. Tarehe 27 Februari 1906, miaka 21 kamili tangu ile hati ya Kaizari, viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa pamoja mahali ambapo leo ni mji wa Songea. Mji umepewa jina la Songea Mbano, ambaye naye waliua. Familia yake inaamini kichwa chake kililetwa Ujerumani, na bado wanakitafuta. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea kuomba msamaha.

Nyuma ya mtaa kuna bustani ndogo ndogo za kukodi, ambazo wazee wa Berlin huenda wikendi kupanda nyanya na kulala kwenye viti vya kukunja. Bustani kama hizo kwa Kijerumani huitwa "Kolonie". Moja hapo ilijiita Koloni ya Kudumu ya Togo kwa miaka na miaka, na naapa sitanii. Shosho mmoja alikuwa anaokota matufaha karibu na ua, akaniona nikisoma kila kibao kama mtu wa sensa. Akaniuliza natafuta nini. Kijerumani changu ni cha kuombea chumvi lakini tulielewana. Ameishi hapo zaidi ya miaka 40. Hakupenda mabadiliko. Si kwamba alimpenda Peters, alisema, hakujua hata alikuwa nani. Ni barua za benki, kitambulisho, kadi ya daktari, na kwamba hakuna aliyegonga mlango wake kumuuliza. Na akaongeza kitu: anaogopa wakiondoa majina yote mabaya, wajukuu wake hawatajua kwamba mabaya yalifanyika.

Nimeona watu mtandaoni wakimtukana mtu kama huyo. Mimi sikuweza, na si kwa sababu ya matufaha manne aliyonipa. Hoja yake ya mwisho ina uzito. Lakini angalia: aliishi na hilo jina zaidi ya miaka 40 na, kwa maneno yake mwenyewe, hakujua alikuwa nani. Kibao hakikumfundisha chochote. Kilimfundisha pale kilipotolewa, wakati watu walianza kubishana kwenye ngazi za ghorofa yake. Na hapo kona ya Müllerstraße kuna nguzo ya maelezo juu ya historia ya mtaa huu yenye maandishi mawili tofauti, moja kila upande, kwa sababu waliohusika hawakukubaliana maneno. Naipenda hiyo nguzo kuliko vibao vyote. Mtu akitaka kukumbuka, akumbuke ugomvi pia.

Alipouliza kama kwetu tumebadilisha majina yetu, nilimwambia ndiyo, na nikahesabu kwa vidole. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Hardinge Street ikawa Kimathi Street. Government Road ikawa Moi Avenue, Victoria Street ikawa Tom Mboya. Nilijisikia poa sana. Halafu kwenye treni ya kurudi nikakumbuka Grogan.

Wewe ukiharibikiwa na gari Nairobi, unalipeleka wapi? Kama huna pesa ya gereji kubwa, ni Grogan. Kioo cha pembeni kimeibiwa? Enda Grogan, utakinunua, labda kile kile chako. Barabara yenyewe iliitwa Grogan Road, ikabadilishwa kitambo kuwa Kirinyaga Road, na hakuna mtu anayejali, sote tunasema Grogan. Sasa Ewart Grogan ni nani? Ni setla aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo, akapata umaarufu, akamiliki ardhi hadi basi. Machi 1907 aliwachukua Wakikuyu watatu waliokuwa wakimvutia riksho, akawapeleka mbele ya mahakama ya Nairobi, na akawachapa viboko hadharani, umati wa Wazungu ukitazama. Kosa walilodaiwa ni kukosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamebeba. Alifungwa mwezi mmoja. Miaka mingi baadaye alitoa ardhi ya hospitali ya watoto, ile ya Gertrude's, ambayo ina jina la mke wake, na imetibu watoto wetu wengi. Yote mawili ni kweli na sijui mizani inayoyapima.

Ninachojua ni hiki: wale jamaa watatu hawana hata kichochoro. Na mafundi wanaoshinda pale na grisi hadi kwenye viwiko wanatangaza jina la aliyewachapa bure, kila siku, bila kulipwa. Wajerumani walibishana miaka zaidi ya 30 juu ya kibao kimoja. Sisi tulibadilisha kibao kwa siku moja kwa amri ya serikali, hatukubishana, na jina likabaki mdomoni. Sisemi mtu aanze kusema "napeleka gari Kirinyaga Road", utapotezwa na bodaboda. Nasema tu ukienda Jumamosi ijayo kutafuta taa ya Probox, muulize fundi anajua Grogan alikuwa nani. Mimi nataka majibu, niandikieni.

Jumapili mvua ilinyesha kidogo, nikaenda Brunnenstraße, barabara ndefu inayoshuka kutoka Wedding hadi katikati ya mji. Nilikuwa nimesoma usiku kwamba kuna jiwe la shaba hapo chini ya miguu ya watu, moja ya yale mawe madogo ambayo Berlin huweka mbele ya nyumba za watu waliochukuliwa na Manazi. Hili liliwekwa 2007. Jina: Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, baba yake askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe akawa mtoto askari kwenye Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hawakumlipa. Akabaki, akawa weita kwenye jumba kubwa la starehe la Haus Vaterland, akaoa Mjerumani, akapata watoto. Na akafundisha Kiswahili chuo kikuu, hapa hapa Berlin.

Ile filamu ya Manazi ya kumsafisha Carl Peters, ya 1941? Husen aliigiza ndani yake. Aliigiza Mwafrika anayemwongoza Peters, juu kazi nyingine zilikuwa zimefungwa kwa mtu mweusi na watoto wanakula. Mwaka huo huo Gestapo walimkamata kwa uhusiano na mwanamke Mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia huko 24 Novemba 1944.

Kabla yake kulikuwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuja 1900 kufundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wakielekea koloni. Wanafunzi wake walimdharau. Alioa Mjerumani, wakasafiri kurudi nyumbani, na walipofika Tanga mke wake akazuiwa kushuka melini. Wakageuza. Alifariki Berlin 1927. Kitabu alichoandika huku, Desturi za Wasuaheli, kilichapishwa 1903, na bado kinasomeka: harusi, ngoma, biashara, mizaha ya vijana wa pwani, kwa Kiswahili safi kuliko hiki changu. Hana mtaa niliouona. Husen hana mtaa niliouona. Kaburi la Husen liko Reinickendorf, wilaya inayopakana na Wedding upande wa kaskazini, na mwezi ujao nikipata Jumamosi isiyo na mvua nitapitia huko, halafu niende Neukölln, ambapo mtaa wa Wissmann, gavana aliyemnyonga Abushiri, tangu 2021 unaitwa Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania kutoka Moshi.